Bibi Alisema Hivi, Babu Akasema Vile

Wengi wakielezea walivyoanza kufuatilia historia ya ukoo wao husema walivutwa na hadithi tamu za wazee. Mimi hadithi tamu hazikunifikisha popote. Nilizisikia tangu utotoni, nikacheka palipochekesha, nikalala. Kilichoniamsha ni wazee wawili kubishana mbele yangu, kila mmoja ana uhakika wake, na mimi katikati nikiona wazi kwamba wote wawili hawawezi kuwa sahihi.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na jibu moja kila alipoulizwa mama yake alizaliwa lini: "Mwaka wa nyota yenye mkia." Hakuongeza neno. Kwake hilo lilitosha kuliko cheti. Mdogo wake wa kiume, ambaye sisi wajukuu tulimwita babu, naye alikuwa na lake. Siku hiyo akalitoa.

"Mama aliiona ile nyota kwa macho yake. Baba yake alimbeba mabegani akamwonyesha. Tena mchana, jua linawaka."

"Mchana wapi!" bibi akamkata. "Nyota gani inaonekana mchana?"

"Ndivyo alivyonisimulia mama."

"Amezaliwa mwaka huo huo, aione, na aje kukusimulia wewe? Mtoto mchanga anakumbuka nini?"

Babu hakujibu. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa, akaivua tena. Tuliomzoea tulijua hiyo ndiyo hasira yake. Bibi aliendelea kukunja nguo kama vile kesi imekwisha. Baadaye, babu alipoaga, alinong'ona mlangoni: "Dada yangu anajua mengi, lakini hili halijui."

Sikuwa mtu wa makaratasi wakati huo. Lakini nilikuwa na madai mawili yanayoweza kupimwa, na hilo ni jambo adimu katika masimulizi ya ukoo. Mzee akikwambia babu yako alikuwa mkarimu, utapima na nini? Akikwambia kulikuwa na nyota yenye mkia, mbingu ina kumbukumbu zake.

Nyota yenyewe niliipata bila tabu. Mwaka 1910 nyotamkia ya Halley ilipita karibu na jua, ikaonekana duniani kote mwezi wa Aprili na Mei. Hurudi kila baada ya miaka kama 76, ndiyo maana ilikuja tena mwaka 1986. Hesabu za bibi zikawa zimesimama vizuri, na za babu zikawa zimeanguka, kwa kuwa ile ya Halley haikuwa ya kuonekana mchana. Nilikaribia kufunga faili hapo.

Sikulifunga kwa sababu moja tu: babu hakuwa mtu wa kutia chumvi. Katika hadithi zake zote alikuwa mkavu, karibu achoshe. Mtu wa namna hiyo akisema "jua linawaka," maneno hayo yametoka mahali. Nikaendelea kusoma, na ndipo nikakutana na nyota ya pili. Mwaka huo huo wa 1910, miezi kadhaa kabla ya ile ya Halley, wachimba migodi wa Transvaal, Afrika Kusini, waliona nyotamkia nyingine kabla ya alfajiri ya tarehe 12 Januari. Haikuwa imetabiriwa na mtu. Ndani ya siku chache iling'aa kiasi cha kuonekana mchana karibu na jua, na hadi leo wanaastronomia wanaijua kwa sifa hiyo. Miaka mingi baadaye wazee wengi waliosema waliiona ya Halley walikuwa wanaikumbuka hii ya Januari, maana ndiyo iliyokuwa kubwa machoni.

Nilifurahi kupita kiasi kwa jambo ambalo halikuniongezea hata senti. Sehemu ya hadithi iliyosikika kama porojo ndiyo iliyokuwa kweli tupu. Mtu aliyekuwepo mwaka 1910 aliangalia juu mchana, akaona mkia wa nyota, akalisema nyumbani, na maneno hayo yakapita midomo kadhaa mpaka yakanifikia mimi bila kupindishwa.

Lakini mtu huyo alikuwa nani? Mama yake bibi hakuwa yeye. Kitabu cha ndoa kilichoandikwa alipoolewa kinataja umri wake, na ukirudisha hesabu unaangukia mwishoni mwa 1909 au mwanzoni mwa 1910. Basi bibi alikuwa sahihi. Na babu naye alikuwa sahihi. Hapo ndipo ugonjwa huu ulinishika, na sijapona.

Jibu lilikuwa nyuma ya picha. Ilikuwa picha ndogo ya kingo zilizochongoka, watoto watatu wamesimamishwa mbele ya kitambaa, wote wamekunja nyuso kwa mwanga. Tuliijua siku zote. Tuliambiwa ni mama yake bibi na kaka yake, na mtoto wa jirani. Hakuna aliyewahi kuitoa kwenye albamu, kwa sababu pembe zake zilishikwa na gundi. Nilipoibandua taratibu kwa uzi, nyuma kulikuwa na majina matatu kwa penseli, kwa mwandiko mmoja, na baada ya majina yote matatu jina la baba lilikuwa lile lile.

Nilimpelekea bibi. Hakuvaa hata miwani. Aliishika, akaipindua, akaipindua tena.

"Huyu ni nani, bibi?"

"Huyo dada yao."

"Dada yao nani?"

"Dada yao mkubwa, mjukuu wangu. Mama yangu alikuwa na dada."

Mama yangu alikuwa jikoni. Alitoka na mikono imelowa, akasimama mlangoni, na nikamwona kwenye uso wake kwamba na yeye alikuwa analisikia kwa mara ya kwanza. Alikuwa na umri wa mtu mzima mwenye wajukuu.

Yule dada alikuwa na miaka mitano au sita mwaka 1910. Nadhani yeye ndiye aliyebebwa mabegani. Nadhani pia alimsimulia mdogo wake kisa hicho mara nyingi mno, hata mdogo akakua akidhani ni chake, akamsimulia mwanawe kama chake. Si ajabu kama inavyosikika. Watafiti wa kumbukumbu wamewakuta hata mapacha wakigombea tukio moja la utotoni, kila mmoja akiapa kwamba lilimpata yeye. Babu alikuwa amepokea mali halali, ila imebadilishwa hati njiani.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba bibi alijua. Miaka yote ile alijua, na angeweza kuumaliza ubishi kwa sentensi moja. Hakusahau. Alinyamaza, kwa kuwa mama yake naye alinyamaza. Kulikuwa na ugomvi, dada akaolewa mbali, na jina lake likaacha kutajwa. Mtoto wa jirani akazaliwa hapo, kwenye maelezo ya picha.

Tangu siku hiyo nasikiliza wazee kwa sikio jingine. Hadithi ambayo ndugu wote wanaisimulia sawasawa, neno kwa neno, hainipi kazi, imeshalainishwa. Ninayoitafuta ni ile yenye ufa, ambapo mmoja anasema walihama usiku na mwingine anasema walihama mchana, au mmoja anahesabu watoto saba na mwingine sita. Mtoto wa saba yuko wapi? Huwa yuko mahali.

Jan Vansina, mwanahistoria Mbelgiji aliyeanza kuchunguza mapokeo ya mdomo Kongo na Rwanda miaka ya 1950, alieleza jambo ambalo niliposoma nilicheka peke yangu, kwa maana lilikuwa la nyumbani kwetu kabisa. Alisema masimulizi ya jamii huwa manene sehemu mbili: mwanzo kabisa, kwa mababu waanzilishi, na miaka ya karibuni. Katikati kuna pengo, na pengo hilo halikai mahali pamoja. Vizazi vinaposonga mbele, nalo linasonga. Bibi aliweza kukutajia mwanzilishi wa ukoo, alikotokea na alivyokuwa mkaidi. Aliweza kukueleza mama yake alivyopenda kuimba akifagia. Baina ya hao wawili, kimya. Waliozaliwa, wakazaa, wakazikwa, wote wamemezwa. Na ukifikiria kidogo, sisi nasi tuko njiani kuingia humo: kitukuu wangu atamjua mwanzilishi, atamjua mama yake, na mimi nitakuwa pengo.

Baada ya kugundua kitabu cha ndoa na penseli ya nyuma ya picha, mtu anaweza kupata kiburi cha makaratasi. Nimekutana na jamaa wa namna hiyo katika shughuli hii. Mzee akiongea, wao wanatikisa kichwa wakisubiri cheti. Karatasi nayo hudanganya, tena kwa utaratibu. Katika sensa ya Uingereza ya mwaka 1841, makarani waliagizwa kuushusha umri wa kila aliyezidi miaka 15 hadi kwenye tano iliyo chini yake. Mwenye 29 akaandikwa 25, mwenye 34 akaandikwa 30. Anayejenga mti wa ukoo wake kwa daftari hilo bila kujua atawazalisha mama zake wakiwa watoto. Na karatasi huungua. Sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya mwaka 1890 iliharibiwa na moto Washington mwaka 1921. Mwaka uliofuata ofisi ya kumbukumbu ya Dublin ikalipuka na kuteketea katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na karibu sensa zote za Ireland za kati ya mwaka 1821 na 1851 zikaenda nayo. Kwa mamilioni ya watu, bibi aliyekuwa amekaa kwenye kiti ndiye aliyebaki kuwa ofisi ya kumbukumbu.

Hadithi isiyo kweli nayo ina kazi yake. Familia nyingi za Marekani husimulia kwamba jina lao lilibadilishwa na karani wa Ellis Island, kile kituo cha kupokea wahamiaji kilichofunguliwa New York mwaka 1892. Waliochunguza wanasema haikuwa hivyo. Makarani wa pale walifanya kazi kwa orodha za abiria zilizoandikwa kule meli ilikoanzia safari. Hawakuwa na kazi ya kubuni majina. Wengi waliyabadilisha wenyewe, baadaye, ili wapate ajira au watoto wao wasichekwe shuleni. Ila mtu anayesema "karani alitubadilisha" anakueleza jambo la kweli kuhusu moyo wake: kwamba kuliacha jina la baba hakukuwa jambo alilotaka kulikiri mbele ya wanawe. Hadithi kama hiyo sisahihishi mezani. Naiandika ilivyo, kisha pembeni naandika nilichokipata.

Watu huniuliza namna ya kuwahoji wazee, na jibu langu la kwanza ni usiwahoji. Ukitoa daftari na kuuliza "ulizaliwa mwaka gani," mzee anakaa wima na kuanza kukupa majibu ya serikali. Nenda na kitu mkononi: picha, kitambaa, kisu cha zamani, barua. Mpe akishike. Mikono ya bibi ilikumbuka kabla ya mdomo. Miaka iache, uliza kama alikuwa ameshaanza shule, kama mdogo wake alikuwa ameshazaliwa, kama ilikuwa kabla au baada ya tukio fulani lililojulikana na wote. Kupatwa kwa jua, njaa, vita, kifo cha kiongozi, nyotamkia: hivyo vina tarehe tayari, na maisha ya mzee unayafunga humo. Wanasaikolojia wameona kwamba watu wazima hukumbuka kwa wingi mambo yaliyowapata kati ya umri wa miaka 10 na 30 hivi, na mimi nimeliona hilo kwa macho. Ukimrudisha bibi kwenye usichana wake hukuwa na haja ya kuuliza swali la pili.

Rekodi kwa simu, ukishaomba ruhusa. Na wakinyamaza, nyamaza. Hili ndilo gumu kuliko yote. Kimya cha mzee kinatutia haya, tunakimbilia kukijaza na swali jingine, kumbe alikuwa anachagua aseme au asiseme. Kwenye rekodi moja ya babu kuna kimya kirefu hivi kwamba nilidhani simu imezima. Baada yake anasema jina la mtu ambaye sikuwa nimewahi kumsikia.

Je, uwaketishe pamoja au mmoja mmoja? Nasema mmoja mmoja kwanza, halafu pamoja. Wakianza pamoja, mkubwa atasema na mdogo ataitikia, na ule ufa unaoutafuta utazibwa mbele yako kwa heshima. Ukishakuwa na maneno ya kila mmoja, wakalishe, tupa neno katikati, kisha uwaachie uwanja.

Nilipoanza kupanga niliyoyapata, nilijaribu mfumo wa namba wanaoutumia wanasaba, yaani wachunguzi wa koo, ule unaoitwa kwa Kijerumani Ahnentafel. Ni mwepesi na wa akili: wewe ni 1, baba ni 2, mama ni 3, na kila mtu, baba yake ni namba yake mara mbili, mama yake ni mara mbili kuongeza moja. Bibi yangu mzaa mama ni 7. Mama yake ni 15. Unaweza kupanda hadi kizazi cha kumi bila kupotea. Nikapanga, nikafurahi, nikamtafuta yule dada wa kwenye picha nimpe namba yake. Hana. Mfumo unahesabu waliokuzaa tu. Dada, kaka, shangazi asiyezaa, mjomba aliyefia ugenini, wote wako nje. Familia ilimtoa kwa ugomvi, namba zikamtoa kwa hesabu. Mfumo huo nimeubakiza kwa kazi ya haraka tu, na kazi yenyewe naifanya kwenye karatasi kubwa za kuchorea, ndugu wote wamo, hata waliokufa wachanga.

Kuna waliochunguza faida za haya yote kwa watoto. Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitunga maswali 20 ya kumpima mtoto anajua nini kuhusu familia yake, kama vile wazazi wake walikutana wapi au bibi na babu walikulia wapi, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaona wanaojua zaidi walijiamini zaidi. Wenyewe walisisitiza kwamba si majibu yanayomjenga mtoto, ila kule kukaa na kusimuliwa. Mimi si mtafiti, na nina wapwa wanaojua majibu yote na bado ni watundu. Lakini nimeona jambo moja: ukimwambia mtoto kwamba bibi na babu walibishana kuhusu nyota ya mchana, anataka kujua nani alishinda. Ukimpa orodha ya majina, anataka simu yako.

Kipimo cha vinasaba nimekifikiria. Kwenye seli zetu kuna sehemu inayorithiwa kwa mama peke yake, kutoka kwake kwenda kwa watoto wote, na mabinti ndio wanaoiendeleza. Yule dada wa picha alikuwa nayo ile ile niliyo nayo mimi, na kama ana mjukuu wa kike kwa binti, huyo pia anayo. Tatizo ni kwamba hubadilika polepole sana. Kufanana kwake kunaweza kumaanisha bibi mmoja wa karibu au bibi wa maelfu ya miaka. Na kipimo hicho hakijui kunyamaza. Kitamtoa kila mtu hadharani kwa wakati mmoja, aliyekubali na asiyekubali. Kwa sasa mama yangu hataki, na mate ya kupimia ni yake.

Bibi hayupo tena, wala babu. Kabla hajaondoka bibi alisema kidogo kuhusu ule ugomvi, kwa maneno machache na bila kuniangalia: kwamba dada mtu aligoma kuandika barua, basi na huku wakagoma. Niliandika hivyo, nikawapa ndugu nakala.

Mama mkubwa, dada yake mama, aliisoma akapiga simu siku hiyo hiyo, hata salamu hakuimaliza. Alisema mama yake alinificha. Barua zilikuja, tena kwa miaka, na yeye akiwa msichana mdogo aliziona zimefungwa kwa utepe kwenye sanduku la bati. Zisizojibiwa ni hizo. Mama yangu anasema sanduku hilo halijawahi kuwapo na dada yake ana ndoto nyingi. Mama mkubwa naye anasema analikumbuka mpaka kufuli lake, na kwamba lilipelekwa kwa binamu mmoja wakati wa kuhama. Binamu huyo nimempata. Anasema masanduku ya bati anayo, ila yako chini ya mengine, nije na mtu wa kusaidia kunyanyua.